Simba hakutoroka

Nilikuwa na miaka saba siku niliporudi kutoka shule nikakuta mnyororo umelala chini, mbwa hayupo. "Simba katoroka," mama akasema, huku akiendelea na kazi zake bila kunitazama. Nilimtafuta kwa wiki mbili. Kila jioni nilisimama nyuma ya nyumba nikapiga mluzi hadi midomo ikakauka. Usiku nilijiuliza nimemkosea nini, na jibu nikalipata: siku chache nyuma nilikuwa nimemchapa kandambili kwa sababu alitafuna daftari langu. Basi, ndiyo iliyomkimbiza.

Ilipita zaidi ya miaka ishirini. Siku moja tulikuwa tumekaa na dada yangu tukicheka mambo mengine kabisa, akanishangaa: "Kwani wewe hukujua? Simba aligongwa na gari. Baba alimzika kule nyuma." Kule nyuma ndiko nilikokuwa nikisimama kupiga mluzi.

Sina kinyongo na wazazi wangu. Walidhani wananiepusha na maumivu. Lakini msiba wa Simba ningeulia siku tatu ukaisha. Ile kandambili nimetembea nayo miaka ishirini. Mtoto akiambiwa mbwa kafa, atalia. Akiambiwa katoroka, ataanza kujichunguza. Tangu hapo wamepita mbwa wengine wanne nyumbani kwetu na kwangu, na nimebaki na msimamo mmoja ambao niko tayari kuutetea mbele ya yeyote: anayefuga mbwa asidanganye kuhusu mbwa wake. Asiwadanganye watoto, na asijidanganye mwenyewe. Hilo la pili ndilo lililonishinda mara mbili.

Baada ya Simba alikuja Bosi, mwizi wa viatu. Hakuvitafuna, alivikusanya tu, kimoja kimoja, akavipanga bandani mwake kama mwenye duka. Bosi alinifundisha furaha ya mbwa ni kitu gani. Unatoka dakika tano kwenda kutupa taka, ukirudi unapokelewa kama umetoka vitani. Hakuna binadamu aliyewahi kunifurahia hivyo, na ninao wanaonipenda kweli. Lugha yetu haijamtendea haki mnyama huyu. Tukitaka kumshusha mtu hadhi tunamwita mbwa. Asiye na nidhamu ni mbwa koko. Anayetupwa atakufa kifo cha mbwa. Waliotunga matusi haya sijui walifuga nini.

Bosi alikufa kwa uzee nikiwa mbali masomoni. Nikapigiwa simu, nikaambiwa wazi, nikalia chooni nikanawa uso. Yakaisha. Kumbe inawezekana.

Karanga ndiye ninayemzungumzia kwa shida. Alikuwa mbwa wa kwanza kuwa wangu mimi, si wa wazazi, akiwa na wiki nane na tumbo kama ngoma. Nilimpeleka akachanjwa mara moja, nikaona nimemaliza. Daktari wa mifugo alikuwa ameniambia kwamba chanjo ya kitoto cha mbwa hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne, hadi afikishe wiki 16 hivi, kwa sababu kinga anayoipata kwa mama yake huizuia chanjo kufanya kazi vizuri, nayo hupungua kwa kasi tofauti kwa kila mbwa. Nilisikia, nikatikisa kichwa, nikaondoka. Tarehe ya pili ikapita, nilikuwa na shughuli. Ya tatu nikasema wiki ijayo.

Akaanza kutapika siku ya kwanza. Siku ya pili akahara damu, ile harufu ukishaikuta mara moja huisahau. Siku ya nne tukamzika. Ilikuwa parvo, kirusi kinachoshambulia utumbo, na ambacho huweza kubaki kwenye udongo kwa miezi mingi, hata mwaka, kikimsubiri kitoto kingine. Kwa hiyo hata uwanja wangu mwenyewe uligeuka hatari.

Kwa muda mrefu watu wakiniuliza nilijibu, "Aliugua ghafla." Ni kweli aliugua ghafla. Lakini sikuwahi kuongeza kwamba nilikosa chanjo mbili, kwamba nilikuwa nayo namba ya daktari na nilikuwa nao muda. Huo nao ni uongo wa "katoroka", nimeuvalisha nguo za kikubwa.

Mwaka 1914 wachimba mawe huko Oberkassel, Ujerumani, walifukua kaburi lenye umri wa miaka 14,000 hivi. Ndani yake kulikuwa na mwanamume, mwanamke na mbwa. Wataalamu walipoyachunguza meno ya yule mbwa miaka mingi baadaye waliona alama za ugonjwa mkali alioupata akiwa mdogo, yaelekea distempa, na wakasema asingeishi wiki zile bila mtu wa kumhudumia. Alikufa akiwa bado hajatimiza mwaka. Huwa namfikiria huyo mtu. Mbwa mgonjwa hawezi kuwinda wala kulinda, hana faida yoyote, na bado kuna aliyekaa naye akimsafisha matapishi. Hakuwa na chanjo wala daktari. Mimi nilikuwa navyo vyote.

Kisha Nukta, miaka 13. Jina alipewa na mke wangu kwa sababu ya doa jeupe kifuani. Nukta alitulea wote. Mtoto wetu alijifunza kusimama kwa kushika manyoya yake, naye akavumilia huku akinitazama mimi kwa macho ya kuomba msaada.

Mbwa wengi huishi kati ya miaka 10 na 13, na cha ajabu ni kwamba wale wenye miili mikubwa ndio wanaotangulia. Great Dane kufikisha 10 ni bahati, ilhali baadhi ya vile vidogo vya mapajani huvuka 15. Nilizijua hesabu hizi. Lakini mbwa wako anapozeeka unaacha kuhesabu, unaanza kutafuta miujiza. Mimi nilimshikilia Bluey, mbwa wa Australia aliyekufa mwaka 1939 akiwa na miaka 29. Nikajiambia, kama yule aliweza 29, Nukta wetu atashindwaje 16?

Macho yakaingia ukungu wa samawati. Masikio yakafa. Usiku alizunguka nyumba, kisha akasimama kwenye kona akiutazama ukuta kama aliyesahau alichofuata. Daktari akasema mbwa wazee hupoteza kumbukumbu kama watu wazee. Mwisho figo. Alikonda hadi uti wa mgongo ukawa wa kuhesabika, na daktari akaniambia kwa upole kwamba wakati umefika wa kumpumzisha. Nikasema nitafikiria. Nilifikiria kwa wiki tatu.

Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Nilikuwa nautumia msemo huo kujipa moyo: tazama, bado anainua kichwa nikiingia, bado anataka kuishi. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba ufuko ulikuwa mimi. Aliinua kichwa kwa sababu nimeingia, na kwa sababu nimeingia akajilazimisha siku nyingine moja. Wiki zile tatu hazikuwa zake. Zilikuwa zangu, yeye ndiye aliyezilipia.

Anayekaribia siku hiyo na ajue mambo mawili ambayo mimi sikuambiwa. Ile sindano ni dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa. Fahamu hupotea kwa sekunde chache na moyo husimama muda mfupi baadaye, mara nyingi kabla hujamaliza unachomwambia. Na macho hayafumbi. Nilingoja yafumbe, hayakufumba.

Mwanangu, wakati huo ana miaka minane, alikuwepo. Ndugu kadhaa walinilaumu kwa hilo, na wengine walisema lile neno la "ni mbwa tu", ambalo husemwa na watu waliolizwa na mengi madogo kuliko mbwa. Mtoto akaniuliza, "Amelala?" Ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ndiyo, mwanangu, amelala. Ingekuwa rahisi mno, na usiku ule angeogopa kupanda kitandani. Nikasema, "Hapana. Amekufa." Akamshika sikio, akalikunja na kulikunjua kama alivyozoea, kisha akauliza kama bado anahisi. Nikasema hahisi. Akalia, nami nikalia, na tulipofika nyumbani akaomba chakula.

Chui, mbwa tuliye naye sasa, alikuwa na mwaka mmoja tu. Tulimwacha aunuse mwili wa Nukta kabla ya kuuzika. Alinusa masikio, miguu, akarudi nyuma, akakaa. Siwezi kudai kwamba alielewa. Ila hakuwahi kwenda mlangoni kumngojea. Ninajua yuko mbwa aliyengoja: Hachiko wa Japani, ambaye bwana wake alifariki kazini Mei 1925, naye akawa akienda stesheni ya Shibuya kumtafuta hadi alipokufa mwenyewe Machi 1935. Dunia nzima inamsifu kwa uaminifu, na wamemjengea sanamu. Mimi nikimsoma nakumbuka mluzi. Karibu miaka 10, na hakuna aliyeweza kumwambia.

Chui ametimiza miaka minne. Juzi mwanangu, aliyefika 11, alikuwa akimtoa kupe shingoni, akaniuliza bila kuinua uso, "Amebakiza miaka mingapi?"

"Kama minane hivi. Labda tisa, tukijaliwa."

Akahesabu kwa vidole. "Nitakuwa na kumi na tisa. Au ishirini."

"Ndiyo."

Akamponda kupe wa mwisho kwa jiwe, akachukua mpira, wakatoka.