Ekari za kukosea: shamba la mafunzo SUA lina kazi gani?

Mjadala wowote kuhusu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) ukifika kwenye mafunzo kwa vitendo, swali huwa lilelile: mtu anayesomea shahada anashinda shambani na bomba la kunyunyizia dawa mgongoni kwa faida gani, ilhali kazi anayoitafuta ni ya ofisini? Wanaouliza hawana dharau, na hesabu wanazo. Tatizo ni kwamba hesabu hizo zinaanza na mavuno, wakati zao la shamba la chuo ni kitu kingine.

Hoja zao kwanza. SUA ya leo si ile ya mwanzo. Mwaka 1965 kilikuwa chuo cha stashahada. Kikaja kuwa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, misitu ikaongezwa mwaka 1974 na tiba ya mifugo mwaka 1976, kikasimama chenyewe Julai 1984, miezi michache tu baada ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ambaye kinaitwa kwa jina lake, kufariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro, kilipo chuo. Sasa kinafundisha pia ualimu, infomatikia na utalii. Wanafunzi wameongezeka mno kuliko siku za kitivo, na kila anayeongezeka anahitaji basi, buti, msimamizi na mahali pa kusimama shambani. Ukiweka gharama hizo kwenye daftari, kisha ukaandika mbele yake magunia yaliyovunwa na wanaojifunza, hasara haijifichi.

Hoja yao ya pili ni nzito zaidi. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka mwanafunzi afikiri huku akifanya kazi. Shule nyingi zilichukua kazi na kuacha kufikiri. Mchelewaji alipewa jembe kama adhabu, shamba la shule likalimwa bila mtu kupima nafasi kati ya mashina wala kuuliza kwa nini mahindi yamekuwa ya njano. Aliyekulia humo ana haki ya kuona "vitendo" kama jasho lisilo na somo. Hilo lilitokea kweli, na anayetetea shamba la chuo asilipuuze.

Lakini hebu tuone kinachofanyika pale somo linapokuwepo. Chukua bomba la mgongoni la lita 15. Kabla ya kugusa dawa, mwanafunzi anapima eneo la mita 10 kwa 10, anatia maji safi na kuweka alama yalipofika, ananyunyizia eneo lote kwa mwendo wake wa kawaida huku akipampu sawasawa, kisha anarudishia maji kwa jagi lenye vipimo mpaka kwenye alama. Akirudishia lita 2.5, hekta yake itatumia lita 250, na bomba moja litamtosha mita za mraba 600. Kama lebo ya dawa ya magugu inasema lita 2 kwa hekta, kila bomba litaingia mililita 120. Mpaka hapo hata aliyebaki darasani anaweza kukokotoa.

Sasa mpe mwenzake bomba hilohilo na mililita hizohizo 120. Huyu ana miguu myepesi. Kwenye eneo lilelile ametumia lita 1.8. Bomba lake linafika mita za mraba 833 hivi, na hekta inaambulia dawa lita 1.44 badala ya 2. Magugu yatanyauka siku chache kisha yatachipua, na mkulima ataapa kwamba kauziwa dawa feki. Wa tatu anatembea polepole, anamaliza lita 3.2, bomba linaishia mita za mraba 469, na hekta inapata lita 2.56. Hapo hata dawa ya kuchagua, iliyotengenezwa kuua magugu na kuacha mahindi, inaweza kuyaunguza mahindi yenyewe. Dawa ni moja na kipimo ni kimoja, ila miguu ni ya watu watatu.

Ndiyo maana neno "vitendo" linapotafsiriwa kuwa kukomaza mikono, somo lote linapotea. Mwanafunzi aliyeona namba yake ikitofautiana na ya jirani yake amejifunza kwamba kipimo kilichoandikwa kwenye lebo hakijakamilika mpaka kikutane na mtu atakayekitumia. Afisa ugani asiyejua hilo atawatangazia wakulima 50 "mililita 120 kwa bomba" na kuondoka. Na yule wa ofisini, anayepitisha lebo au kuandika mwongozo wa wilaya nzima, akilikosa hilo kosa lake linaenda mbali kuliko la bwana shamba mmoja.

Tuje kwenye idadi, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kama mwisho wa maneno. Tuseme darasa lina wanafunzi 200 na mabomba yako 5. Kila bomba lina watu 40. Kupima, kunyunyizia na kurudishia maji kunataka dakika 10 kwa mtu, yaani dakika 400 kwa kila bomba, karibu saa 7. Siku moja haitoshi, kwa sababu jua likipanda na upepo ukianza, matone yanapeperuka na kukauka hewani na vipimo vinaharibika. Muda mzuri ni kuanzia saa 12 na nusu asubuhi hadi saa 4: dakika 210, watu 21 kwa bomba. Basi asubuhi mbili zinawamaliza wote 40, na nafasi mbili zinabaki kwa aliyekosea arudie. Mzigo unaodaiwa kuwa haubebeki ni asubuhi mbili.

Kinachofanyika mara nyingi ratiba inapobana ni kugawa makundi ya watu 10: mmoja ananyunyizia, mmoja anashika jagi, wanane wanaandika ripoti inayofanana neno kwa neno. Wote wanapata alama. Ukihesabu mabega yaliyobeba bomba, somo hilo limefundishwa kwa watu 20 kati ya 200, na lawama ikija inapewa shamba.

Si kila kitu kinatatulika kwa kuongeza asubuhi. Kupima mimba ya ng'ombe kwa mkono unaoingizwa kwenye puru ni mfano. Glovu ya kufika begani na kilainishi havimwondolei mnyama maumivu pale anapoingizwa mikono mingi siku moja. Ukuta wa puru huvimba na kuvuja damu. Hapo wanaotaka vielelezo vya kufundishia, yaani ng'ombe wa bandia, wako sahihi kabisa: mwanafunzi azoee kwenye kielelezo kutofautisha shingo ya kizazi na pembe zake, halafu zamu chache za ng'ombe hai zitumike vizuri. Msituni mambo ni tofauti tena. Misindano (paini) ya Olmotonyi, msitu wa mafunzo wa SUA mkoani Arusha, haichoki kupimwa. Mwanafunzi anaweza kurudia mpaka akumbuke kwamba kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, na kwamba kwenye mteremko anasimama upande wa juu wa mti.

Inabaki hasara ya daftari. Mahindi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, yanatoa mimea 44,444 kwa hekta. Mistari ya mwaka wa kwanza haitafika hapo: kamba italegea, mbegu zitafukiwa kina kirefu, mapengo yataonekana. Meneja anayepimwa kwa faida atafanya jambo la busara kwake, atawaweka wanafunzi pembeni na kuajiri vibarua. Mavuno yatapanda na chuo kitakuwa kimepoteza maabara. Hakuna anayeidai maabara ya kemia irudishe fedha ya tindikali iliyomwagika.

Chuo kinaweza kuwa na mashamba ya aina zote mbili, mradi vitabu vyake vitengwe: ekari za biashara zipimwe kwa magunia, na ekari za kukosea zipimwe kwa idadi ya wanafunzi waliofaulu mmoja mmoja. Mtihani wa bomba, kwa mfano, usiwe wa kundi. Mwanafunzi apewe bomba lenye nozeli (ncha inayotoa dawa) iliyolika bila kuambiwa, jagi, na saa. Anayejua kazi atakinga maji ya dakika moja, atalinganisha na ya nozeli mpya, na akikuta yamezidi kwa zaidi ya asilimia 10 ataibadilisha kabla ya kufungua chupa ya dawa.