Chipukizi la Kijani Likatwe

Hapa Minnesota, Marekani, penye mti mkubwa uani hapakosi chini yake hosta, mmea wa kivuli unaopandwa kwa uzuri wa majani yake, ingawa kwao hasa ni Japani, Korea na China. Ninayoipenda mimi ni ile ndogo iitwayo 'Pandora's Box'. Kimo chake ni kama sentimita 10 tu, na kila jani ni jeupe katikati, na kijani cha kukaribia buluu pembezoni.

Wengi wanaipoteza kwa kuihurumia. Ule weupe hauna klorofili, ile rangi ya kijani inayoliwezesha jani kutengeneza chakula, kwa hiyo jani zima linalishwa na ukingo wake mwembamba. Mmea wenyewe ulitokana na 'Baby Bunting', hosta ya kijani kitupu, na mara kwa mara hutoa chipukizi linalorudia asili hiyo. Chipukizi hilo hunenepa haraka, na mwenye bustani hufurahi akidhani mmea umechangamka. Liache misimu michache, majani yale yenye weupe yatamezwa. Kwa hiyo nasema likatwe mapema, mwezi Mei, lingali na majani mawili. Ondoa udongo kwa vidole mpaka ulione limeshikia wapi kwenye kitako cha mmea, kisha likate hapohapo kwa kisu chembamba. Ukikata majani ya juu tu, litachipua tena.

Kisu kioshwe vizuri kabla ya kugusa mmea mwingine, maana virusi vya hosta, vilivyotambuliwa mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, huenea kwa utomvu. Havina dawa. Rangi ikitapakaa kufuata mishipa ya jani, usinunue, hata muuzaji asifu vipi. Imewahi kutokea mimea iliyoambukizwa ikauzwa kama aina mpya.

Na kivuli kisiwe giza. Hosta yenye weupe mwingi inataka jua la asubuhi, mpaka saa nne hivi, ndipo kivuli kiifunike. Mimi naipanda kwenye chungu, mbali na mizizi ya mti inayonyonya maji yote, na konokono hawaifikii kirahisi. Majira ya baridi chungu hukaa gereji isiyo na hita, kamwe si sebuleni, kwa kuwa hosta isipolala wiki kadhaa kwenye baridi haiamki vizuri. Ndiyo maana ndugu zangu wa Mombasa wakiniomba mche nawaelekeza kwenye kaladi, yenye majani ya mabaka mazuri vilevile na inayolipenda joto lao.