Injini ya Matatu Kwenye Mahari

Mjomba wangu ukimtukana atakusamehe kabla ya jioni. Ukiita pikapu yake gari kuukuu, utafute nyumba nyingine ya kunywa chai. Ni Toyota Hilux ya mwaka 1980. Rangi yake ya kwanza ilikuwa buluu. Ya sasa inategemea umesimama upande gani. Ilitoka kiwandani na injini ya petroli ya 12R, cc 1587, na mjomba anaitaja hiyo cc kama wengine wanavyotaja digrii ya mtoto wao.

Tatizo ni kwamba 12R ilianza kunywa oili kuliko petroli. Tukipita Kondele, hapa Kisumu, wauza mitumba walikuwa wanafunika nguo zao. Mtu mwingine angeuza hilo gari kwa kilo. Mjomba alienda kwa fundi wake pale Kibuye, na fundi akatamka maneno ambayo ningependa Bunge liyapige marufuku: "Mzee, hapa tunaweka tu ya dizeli."

Dizeli yenyewe ilikuwa 2L, cc 2446, iliyong'olewa kwenye Hiace ya matatu. Bodi ya hiyo Hiace ilikuwa imeliwa na kutu hadi abiria wakaona lami katikati ya miguu yao, lakini injini bado ilikuwa na kifua. Ikaingizwa kwa winchi na maombi. Mauntingi za zamani, vile vishikio vya injini, zikakatwa, mpya zikachomelewa. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ikagonga fremu, nayo ikapigwa nyundo hadi ikajifunza adabu. Giaboksi ya Hiace ilikataa kabisa, maana dereva wa Hiace hukaa juu ya injini na gia yake huvutwa na vyuma kutoka mbali. Ikabidi itafutwe giaboksi ya Hilux ya dizeli, ikapatikana Nakuru, ikaja Kisumu kwa basi na ikalipiwa kiti.

Hayo yote yalienda vizuri. Kilichotumaliza ni huruma ya fundi kwa mfuko wa mjomba.

Alteneta ya 2L huwa imebeba pampu ndogo mgongoni, ya kunyonya hewa kwa ajili ya busta ya breki, ile inayousaidia mguu wako kukanyaga. Injini ya petroli haihitaji pampu hiyo, inajinyonyea yenyewe. Ile alteneta ya Hiace ilikuwa imekufa, na ya 12R ilikuwa nzima, basi fundi akasema kununua nyingine ni kutupa pesa, akafunga ya 12R. Taa zikawaka, betri ikajaa, breki ikawa jiwe. Ilibidi ukanyage kwa miguu miwili na uvute usukani.

La pili ni la kuzima. Petroli ukiikata umeme, plagi hazitoi cheche, injini inalala. Dizeli haihitaji cheche. Inabana hewa zaidi ya mara 20 hadi hewa yenyewe inachoma mafuta, na umeme ikishawaka inautumia tu kushikilia kivalvu fulani kwenye pampu. Ukizima ufunguo, kivalvu kinajifunga, mafuta yanakatika. Cha kwetu kilikuwa kinakwama na gari linazimika ovyo barabarani. Fundi akakifungua, akatoa kipini cha ndani, akakirudisha kitupu. Gari halikuzimika ovyo tena. Halikuzimika kabisa.

"Ukitaka kuzima," akaeleza, "weka gia ya nne, kanyaga breki, achilia klachi. Inajinyonga yenyewe." Pale gereji ilijinyonga vizuri sana. Mbele yake kulikuwa na ukuta.

Basi Jumamosi ikafika ya kupeleka mahari ya binamu yangu huko Maragoli. Mimi dereva, mjomba kando yangu na koti lake la mazishi na harusi, nyuma kreti za soda, sukari, marobota ya unga na beberu mmoja ambaye hakuulizwa. Kutoka Mamboleo tukaanza kupanda mlima wa Riat, na lazima niseme ukweli, ile injini ilipanda. Tuliwapita watu wa Probox! Mjomba akashusha kioo ili wamuone vizuri. Kitu kimoja tu kilinitia wasiwasi: kila tulipokaribia stegi ya matatu, nilihisi gari linapunguza mwendo lenyewe.

Karibu na Kiboswa afande akatupungia mkono. Nilikanyaga, nikakanyaga, tukasimama mbali naye kiasi kwamba alikuja akipumua kwa nguvu.

"Zima gari."

"Afande, halizimiki."

Akanitazama. Akachukua logbook, akasoma, akainamia boneti, akasikiliza ule mngurumo, akarudi. "Hapa imeandikwa petroli. Mbona linakohoa dizeli?"

Mjomba akainama dirishani kwa heshima zote. "Afande, liliokoka."

Afande alicheka hadi akashikilia kioo cha pembeni, kikabaki mkononi mwake. Nadhani ndicho kilichotuokoa. Akatuamuru tupeleke gari likaguliwe na injini mpya iandikwe kwenye logbook, kisha simu yake ikalia, na kwa kuwa hangeweza kusikia chochote tukiwa pale, akatufukuza.

Wanaojua Maragoli wanajua mashamba yale: mteremko, migomba, na mawe makubwa kuliko nyumba. Boma la wakwe lilikuwa na tambarare moja tu, na hapo ndipo walipoweka hema. Nikajaribu kufuata maagizo ya fundi. Gia ya nne, miguu miwili kwenye breki, klachi ikaachiliwa. Gari likaruka kuelekea hema. Wazee wa ukoo, watu wa fimbo, waliinuka bila fimbo. Nikarudisha gia huru, beberu akashuka bila kusubiri mtu, mtoto fulani akatuwekea jiwe chini ya gurudumu, na injini ikaendelea: ngo, ngo, ngo, ngo.

Jaribu kufikiria hali yenyewe. Mmekwenda kuomba binti wa watu, na gari lenu limesimama mlangoni likinguruma. Nilisikia shangazi mmoja wa upande wao akimuuliza mwenzake, "Hawa wana haraka ya nini?" Mwenzake akajibu, "Pengine kuna nyumba nyingine wanapitia."

Msemaji wao alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa sauti ya chini, aina ya watu ambao darasani mlinyamaza ili mumsikie. Wetu alikuwa mjomba, ambaye masikio yake yamekaa ndani ya Hilux zaidi ya miaka 40. Wazee wetu walikuwa wamekubaliana usiku uliotangulia: tuanze na ng'ombe watano, tulie, tufike tisa, tukatae hapo. Mwalimu akasimama, akasalimu, akasifu elimu ya binti, akafika kwenye jambo lenyewe: "Kwa hivyo sisi, baada ya kushauriana, tunaomba ng'ombe ngo-ngo-ngo-ngo na tatu."

Mjomba akasikia watatu.

Sijawahi kumwona akiinuka haraka hivyo. Alivuka hema, akashika mkono wa mwalimu kwa mikono yake miwili kabla mtu hajabadilisha nia. "Tumekubali! Sisi si watu wa kuvutana kama sokoni! Na mbuzi mmoja juu, wa heshima!"

Upande wao walikaa kimya kidogo, kisha vigelegele vikapasua anga. Mama ya binti alifuta machozi. Mwalimu naye alitoa kitambaa. Nilisikia mtu akitumwa nyuma ya nyumba, na kuku waliokuwa wamesamehewa siku hiyo wakaitwa upya. Mjomba alirudi kuketi akiwa amevimba, akaninong'oneza kwamba kujadiliana ni kipaji.

Chakula kikaletwa. Pasta akasimama kuombea, hakuna aliyesikia Amina. Hapo ndipo nyanya ya bibi harusi alipotoka jikoni, mfupi, na leso mbili kiunoni.

"Nani ameleta kisiagi hapa?"

Nikainuka. Akanishika mkono hadi kwenye boneti, nikaifungua. Nilijua baadaye kwamba yeye na marehemu mume wake waliendesha kinu cha kusaga mahindi miaka mingi kabla stima haijafika kijijini.

"Mjukuu, hii ni dizeli?"

"Ndiyo, nyanya."

"Na mnaizima na nini?"

"Na ukuta, nyanya."

Hakuniambia kitu. Akaenda jikoni, akarudi na kifuniko cha sufuria ya ugali. Akaniamuru nichomoe bomba la chujio la hewa, akabandika kifuniko kwenye mdomo wa injini, akakiegemea. Kifuniko kilinyonywa kikang'ang'ania. Injini ikakohoa, gari zima likatetemeka, kioo cha pembeni kilichobaki kikaanguka, ikazimika.

Ndani ya ule utulivu, mwalimu alikuwa amefungua daftari na anasoma maafikiano kabla ya watu kutia sahihi: "Ng'ombe kumi na tatu, na mbuzi mmoja wa heshima."

Paja la kuku la mjomba lilisimama njiani.

"Kumi na nini?"

"Na tatu, mkwe. Mlikubali wenyewe. Bila kuvutana."

Mjomba akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini sana, "Washa gari."

Lakini kifuniko kilikuwa bado kimebandikwa na nyanya amekikalia macho. Mazungumzo yakaanza upya, na safari hii kila neno lilisikika. Mjomba alieleza, akaapa, akataja bei ya ng'ombe soko la Luanda. Wapi. Mwishowe akatoa kitu ambacho sikutegemea kusikia kinywani mwake: wachukue pikapu, ihesabiwe ng'ombe wanne. Injini mpya, alisema. Inapanda Riat.

Wazee wa upande wao waliomba ruhusa, wakaenda nyuma ya nyumba na nyanya. Walikaa. Waliporudi, mwalimu alikohoa kidogo kabla ya kusema.

"Mkwe, tumeshauriana. Hilo gari tutalichukua. Ila sasa ng'ombe watakuwa kumi na watano."