Shamba la Mtu, Njia ya Watu

Jumamosi iliyopita, huku Uingereza, kwenye bonde la mto Wye, baina ya mji wa Ross na mji wa Monmouth, nilikuta karatasi iliyotiwa plastiki imegongomewa kwenye nguzo ya mbao pembeni mwa shamba la ngano. Nikasimama nikaisoma yote. Ni tangazo la halmashauri: mwenye shamba ameomba njia ya miguu inayopita karibu na ghala lake isogezwe kidogo, ifuate ukingo wa shamba. Ramani iko hapo hapo, inaonesha njia ya zamani na mpya. Asiyeridhika ana siku 28 za kuleta pingamizi kwa maandishi. Mtu yeyote. Hata mie mpita njia, nisiye na bustani ya kupanda mchicha huku ugenini, nina kauli juu ya njia inayopita shambani kwa mtu.

Badala ya kufurahi nikakasirika. Mto uko kushoto, maji yanakwenda taratibu, vilima vya kijani kila upande, na mie natembea na hasira kifuani, kwa sababu nilikuwa nafikiria njia yetu.

Kijijini kwetu kisiwani Pemba, kaskazini ya mji wa Chake, kulikuwa na njia iliyoanzia nyuma ya msikiti. Inapita chini ya mikarafuu, inateremka kwenye udongo mwekundu unaoteleza masika mpaka unavua viatu, inafika bonde la mpunga, unapita juu ya tuta, kisha unavuka kijito kwa gogo la mnazi. Gogo likioza, mwenye mnazi ulioanguka karibu na hapo hutoa jengine, na sijapata kusikia kikao kimeitishwa kwa hilo. Ng'ambo unapanda kilima na kutokea skuli. Bibi zetu wamepita humo na mapakacha ya karafuu kichwani. Majeneza yamepita humo. Sote tumepita humo na madaftari kwapani. Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho nikakuta ukuta wa matofali ya saruji, na vipande vya chupa vimepandwa juu yake. Nikauliza, nikajibiwa, "Pameuzwa." Basi, neno likaishia hapo. Watoto wa skuli sasa wanazunguka kwa barabara ya lami, wanatembea mmoja nyuma ya mwenzake pembezoni, na gari za abiria zinawapita kwa kasi ile mnayoijua.

Aliyejenga simlaumu. Ana karatasi zake, na yamkini hakuna aliyemwambia kuwa pana njia. Nani angemwambia, na njia yenyewe haikuandikwa popote?

Hapa ndipo panaponichoma. Huku Uingereza ardhi ina wenyewe khasa. Ziko familia zenye mashamba ambayo ukitembea kutwa huyamalizi, wameyarithi kwa babu wa babu zao. Lakini njia inayokatiza ndani ya mashamba hayo si yao kuifunga. Mkulima akilima akaivuruga njia, sheria inampa siku 14 airudishe, na ikiwa inapita katikati ya mazao iwe na upana usiopungua mita moja. Na kweli utaikuta: ngano imefika kiunoni, na katikati pameachwa mstari mwembamba ulionyooka mpaka kwenye kingazi cha mbao cha kuvukia ua, kina mshale wa njano. Njia za namna hiyo, England na Wales peke yake, zinapindukia kilomita 200,000. Kwetu Zanzibar ardhi ni mali ya umma tangu baada ya Mapinduzi, na sheria ya ardhi ya 1992 inasema vivyo hivyo. Mwenye eka zake tatu alizogawiwa na serikali ana haki ya kuzitumia tu. Sasa nielezeni, jamani. Inakuwaje nchi ambayo ardhi ni ya umma, njia ya umma ikafungwa na mtu mmoja kwa wiki moja ya kujenga, na nchi ambayo ardhi ni ya mabwanyenye, bwanyenye mwenyewe hawezi kuisogeza njia hatua chache bila ya kuniuliza mie?

Najua nitakaloambiwa. "Huyo keshakuwa Mzungu, keshasahau kwao." Sikusahau. Aliyesahau haudhiki na ukuta. Mimi naweza kukupeleka gizani mpaka kwenye kile kijito, nikakwambia mkungu ulikuwa upande gani na wapi mguu unazama. Tena nasema wazi kwamba yapo mambo ya njia ambayo hawa hawatufikii hata robo. Huku nina haki ya kupita shambani kwa mtu, na nikipita atanipungia mkono akinipenda. Nyumbani ukipita shambani kwa mtu ukatoa salamu, utaulizwa umetoka kwa nani, utaangushiwa dafu, na ikiwa ni msimu utakuta majamvi yamejaa karafuu uani na bibi atakwambia ukae kidogo upumzike. Adabu ya njia ilikuwa ni kitu chetu. Dini yetu imetufundisha kuwa imani ina tanzu sabini na ushei, na ya chini kabisa ni kuondosha udhia njiani. Imesemwa pia kwamba anayekaa njiani aipe njia haki yake. Sisi ndio wa kuwafundisha watu haki ya njia! Ndiyo maana inaniuma zaidi.

Mwengine atasema kuwa hawa ni waliotutawala, ustaarabu wao wa mashambani umejengwa kwa jasho la wengine, na wewe unawasifu. Nisikilize basi ujue haki hii wameipataje. Hawakuteremshiwa. Mabwanyenye wa huku walikuwa wakiwafukuza watu kwenye vilima ili wapate kuwinda ndege kwa raha. Mwaka 1932 vijana wa viwandani, wengi wao kutoka Manchester, walikipanda kilima cha Kinder Scout kwa wingi na kwa makusudi, wakakabiliana na walinzi wa tajiri, na watano kati yao wakafungwa jela. Ilipofika 1949 ndipo ikapitishwa sheria ya kuziandika njia zote za miguu kwenye ramani rasmi. Na aliyefanya kazi ya kuziandika si mtaalamu wa kuletwa kutoka London. Halmashauri za vijiji ziliambiwa zizitembee njia zao, zizichore, zieleze zinaanzia wapi na zinaishia wapi. Wazee wa kijiji wakaulizwa: hapa watu walikuwa wakipita? Tangu lini? Mpaka leo, watu wakiipita njia miaka 20 mfululizo, waziwazi, bila ya kuomba ruhusa wala kuzuiwa, sheria inaichukulia kuwa ni haki ya umma, isipokuwa mwenye ardhi athibitishe kuwa hakukusudia hivyo. Miaka 20! Njia yetu ya nyuma ya msikiti imewapitisha watu waliozaliwa kabla ya mabibi wa mabibi zetu.

Kwa hivyo sisifu rangi ya mtu. Nasifu kazi iliyofanywa na watu wanyonge wa nchi hii, na naona kuwa kazi ile ile inaweza kufanywa na masheha na wazee wetu.

Halafu kuna hili la miji ya kale, ambalo likinijia hulala sipati usingizi. Ukilifuata bonde la Wye kuteremka unafika Tintern, kwenye magofu ya nyumba ya watawa iliyoanzishwa 1131 na kufungwa 1536 wakati wa mfalme Henry wa Nane. Haina paa, zimebaki kuta na matao, nyasi zimekatwa vizuri. Kidogo mbele ni Chepstow, na ngome iliyoanza kujengwa 1067. Watu wanakwenda kwa miguu, wanatoka mji mmoja kuingia mwengine, wanalala kwenye nyumba za wenyeji, wanakula hapo, pesa inabaki bondeni. Nami nakwenda, napenda, na kila ninapogusa ukuta najiuliza juu ya magofu yetu ya Pemba: Pujini ni ya nani? Ras Mkumbuu ni ya nani?

Bonde hili pia linapakana na handaki, yaani mtaro mrefu wenye tuta la udongo, la Offa, mfalme wa Mercia (ufalme wa kale wa England) wa karne ya 8, ambalo leo limefuatwa na njia ya miguu ya kilomita 285 iliyofunguliwa 1971. Offa huyu aliwahi kupiga sarafu ya dhahabu kwa kuiga dinari ya al-Mansur, Khalifa wa Baghdad. Maandishi ya Kiarabu yamo, shahada imo, tarehe ya Hijria 157 imo, na katikati ya maneno hayo jina lake, OFFA REX. Ipo katika jumba la makumbusho la Uingereza, mjini London. Kila ninapolipita handaki lake nakumbuka Mtambwe Mkuu, mji wetu wa kale kule Pemba. Pale Mtambwe, mwaka 1984, ziliibuka sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingi zimepigwa na watawala wa pwani yetu wenyewe, majina yao yameandikwa kwa Kiarabu, na pamoja nazo dinari za dhahabu za mbali. Mfalme wa huku aliiga sarafu ya Waislamu. Sisi tulikuwa na watawala waliojipigia zao. Na mtoto wa mji wa Wete anayeiona Mtambwe ng'ambo ya maji, mkimuuliza hapo pana nini, wangapi watajibu? Maji yakitoka unavuka kwa miguu, mikoko huku na huku, ni matembezi ambayo watu wa nchi nyengine wangeyaimbia.

Ras Mkumbuu wataalamu wengi wanaihesabu kuwa ndiyo Qanbalu, pahala palipotajwa na al-Masudi, msafiri na mwandishi wa Kiarabu aliyefika pwani hizi mwaka 916. Msikiti wake umebaki magofu, makaburi ya minara yapo. Pujini ni ngome ya mtawala Mkama Ndume, ya karne ya 15. Kila mwenye bibi Pemba ameshahadithiwa: watu walivyobebeshwa mawe kichwani huku wakijiburuza kwa makalio, na wake wawili waliokuwa hawaonani, mpaka kisima kikatiwa ukuta katikati, mmoja anateka kwa kamba na mwenzake anateremka kwa ngazi. Kutoka Chake mpaka Pujini ni asubuhi moja kwa miguu, kilima kwa bonde, kilima kwa bonde, mpunga chini na karafuu juu. Lakini mgeni anaendaje? Anatiwa garini, anateremshwa, anapiga picha, anarejeshwa ufukweni. Mwenye mgomba aliyeko njiani hakuuza hata ndizi moja. Waarabu wa zamani waliiita Pemba Kisiwa cha Kijani, na hicho kijani tunakionesha kupitia dirisha la gari.

"Sisi tunatembea kwa shida, nyie mnatembea kwa starehe." Hilo nalijua na ndilo lenye uzito kuliko yote. Mama aliyembeba mtoto mgonjwa kwa miguu mpaka kituo cha afya hana haja ya kusikia habari za matembezi. Lakini ni nani anayeumia njia ikifungwa? Mwenye gari haumii. Anaumia mama yule yule, kwa sababu njia ya mkato imekuwa ya mzunguko. Anaumia mkulima wa mpunga, mchumaji karafuu, mtoto wa skuli na mzee anayekwenda msikitini alfajiri. Mkiniambia tuanze na maji na umeme kwanza, nitasema anzeni, na mie nitaunga mkono. Ila njia haihitaji mfadhili, wala mkandarasi, wala nguzo. Iko tayari, imekanyagwa na watu mamia ya miaka. Inataka kuandikwa tu kabla haijajengewa.

Na isiandikwe kwa ajili ya watalii. Tukianza na watalii, tutaishia na geti na mtu wa kukata tiketi, na mwenyeji atafukuzwa kwenye njia ya babu yake. Naogopa hilo kuliko ninavyouogopa ukuta. Mgeni akitaka kupita na apite kwa adabu zetu, avae vizuri, atoe salamu.

Wala sisemi huku ni peponi. Mto Wye wenyewe umechafuka kwa mbolea ya kuku inayoshuka kutoka mashambani, wenyeji wanalia kila siku. Njia nyingi zimeota miba na wengine wanazifunga kwa hila. Lakini anayefungiwa ana pa kwenda: ramani ipo, anaonesha kidole, anasema hapa.

Ninachokiomba ni kidogo mno. Kila shehia ichague wazee wanne au watano, wake kwa waume, wafuatane na vijana wenye simu, wazitembee njia zote kutoka msikiti hadi kisima, bonde, skuli, makaburi na pwani. Simu ya kawaida inaichora njia unapotembea. Waandike majina: mwembe wa fulani, jiwe la pahala fulani, gogo la kijito. Orodha iwekwe kwa sheha, na nakala msikitini. Mtu akija kununua kiwanja, kabla hajatia sahihi, aoneshwe. Akitaka kujenga ajenge, aache upenyo wa mtu mwenye mzigo kichwani na mwengine anayekuja kinyume chake, ili wapishane bila ya kugusana.