Sikuanguka, Nilining'inia

Tuelewane kabla sijaendelea: sikuanguka. Shemeji yangu ameshaitangaza habari kwenye kundi la familia, ikavuka mipaka ikaingia kundi la wapiga kambi, na sasa watu nisiowajua wananitumia vikaragosi vya mtu anayeporomoka. Kuanguka ni kutoka juu ukafika chini. Mimi juu nilitoka, chini sikufika. Yote yaliyotokea yalitokea hapo katikati, na kwa kuwa mbavu bado zinaniuma, nayaeleza leo kabla toleo lake halijaota mizizi.

Mnaonifuata mnaujua ugomvi wetu. Yeye ana kempa, ile nyumba nzima inayopakiwa mgongoni mwa pikapu, ina jiko, ina kitanda, ina choo. Mimi nina hema la juu ya gari. Jioni ile tulikuwa tumeegesha jirani, na mimi, Mungu anisamehe, nilihubiri. Nilimwambia kempa yake ikiwa tupu kabisa ni zaidi ya kilo 700, na pikapu nyingi uwezo wake wa kubeba hauzidi tani moja na kidogo. Jaza lita 100 za maji, hizo tayari ni kilo 100. Ongeza gesi, vyombo, na yeye mwenyewe na kitambi chake, halafu tuone springi zinasemaje. Akitaka kuishusha, ni jeki 4 za pembeni, unazungusha hapa kidogo, unakimbilia kule kidogo, kisha unachomoa gari polepole huku roho iko mkononi. Mimi hema langu ni kilo 60. Linakaa kwenye keria, na wiki nzima gari linafanya kazi zake bila kujua kama lina ghorofa.

Akauliza, kwa ile sauti yake ya upole inayokera: paa litabebaje watu wawili? Hapo ndipo nilipofungua darasa. Kile kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, kwangu kilo 75, ni cha gari likiwa mwendoni, linapokata kona na kukanyaga breki. Likisimama, paa linahimili mara kadhaa ya hapo. Nikamkumbusha na Wajerumani Mashariki wa miaka ya 1970, waliokuwa wakifunga hema juu ya Trabant, gari lenye nguvu za farasi 26, wakaenda nalo likizo. Kama Trabant iliweza, langu litashindwa nini?

Shemeji hakubishana. Aliuliza swali moja tu: "Na usiku ukibanwa?"

Nikamjibu, na hili analirudia kila mahali neno kwa neno: "Mtu mzima hujipanga, shemeji."

Sasa, ili mwelewe yaliyofuata, lazima mjue hema lenyewe lilivyo. Langu ni la kukunjuka. Nusu ya sakafu imelala juu ya keria. Nusu ya pili inafunguka kwa bawaba na kutokeza pembeni mwa gari, hewani. Kinachoishikilia hiyo nusu ya hewani ni ngazi. Wengi hawalijui hilo, wanadhani ngazi ni ya kupandia tu. Ngazi ndiyo nguzo. Na hii yangu ni ya aluminiamu, mabomba yanayoingiana. Kila hatua ina vifungo viwili, na unapoivuta unasikiliza tak, tak, tak mpaka mwisho. Jioni ile nani aliivuta, na alikuwa anasikiliza tak au alikuwa anamweleza mtu habari za Trabant, hilo bado liko chini ya uchunguzi.

Saa 9 usiku nikabanwa.

Wenye mahema ya juu mnayajua mazungumzo yale. Unajiambia ni mawazo tu. Unageuka upande. Unahesabu saa zilizobaki hadi kuche. Unajaribu kutofikiria maji, na papo hapo unausikia umande wa pumzi zenu ukidondoka kutoka kwenye turubai, do, do, do. Nilivumilia mpaka uvumilivu wenyewe ukaniomba ruhusa.

Tunalala miguu ikielekea mlangoni, kwa hiyo utokaji wake ni wa kinyumenyume: unalala kifudifudi, unatanguliza miguu, unatafuta ngazi kwa nyayo. Nikaifungua zipu ya neti jino baada ya jino ili nisimwamshe mke wangu. Nikaifungua na ya turubai vivyo hivyo. Baridi ikanipiga kisigino. Nilikuwa nimevaa fulana na suruali ya kulalia, ile yenye kamba nene kiunoni ambayo mwisho wake nilikuwa nimeuacha ukilegealegea. Ikumbukeni hiyo kamba.

Hatua ya kwanza: baridi, lakini imara. Hatua ya pili: imara pia. Tumbo langu sasa lilikuwa ukingoni mwa sakafu, kifua bado kiko kwenye godoro, miguu nje. Nakumbuka nilijisifu moyoni. Nilijiambia, tazama, ndiyo hivi tu, shemeji analipia choo cha nini? Nikashuka hatua ya tatu na kuiachia uzito wote.

Kraaa.

Bomba likaingia kwenye bomba. Ngazi ikafupika hatua nzima, na kwa kuwa ngazi ndiyo nguzo, sakafu ikashuka nayo. Si kwamba ilikatika. Iliinama tu, taratibu, kwa heshima, ikanimwaga. Miguu ikateleza kwenye ngazi. Tumbo likapita ukingoni, fulana ikabaki nyuma. Mikono ikashika nilichoweza kukishika, yaani foronya ya godoro, na nikasimama nikiwa nimekwama kwapani: kichwa na viwiko ndani ya hema, sehemu iliyobaki ikiwa nje gizani. Ningeteleza zaidi, ila ile kamba ilikuwa imenasa kwenye kishikio cha ngazi kule juu. Mwili ukashuka, suruali ikakataa kushuka. Sitaeleza zaidi. Wanaume walioko hapa wameshaelewa, na naona wengine mnabadilisha mkao.

Mimi bado natafakari hali yangu, godoro nalo likaanza kuja. Na juu ya godoro, mke wangu, ndani ya begi lake la kulalia, anateleza miguu mbele, bado ana usingizi. Nyayo zake zikatua usoni kwangu, moja kila shavu.

"Nani?" akauliza.

"Ni mimi."

"Uko wapi?"

"Nje."

"Nje wapi, mbona nakukanyaga?"

Swali la haki kabisa. Sikuwa na jibu.

Na gari likachagua dakika hiyohiyo. Alamu yake ina kihisi cha mwinamo, cha kugundua mwizi anayepandisha gari kwa jeki. Kwa kutikiswa kule, likaamua linaibwa. Honi. Taa za pembeni zinawaka na kuzima, wekundu wa machungwa kambi nzima, na kila zikiwaka miguu yangu inaonekana, zikizima inatoweka. Mke wangu, kwa nia njema, akawasha taa ya ndani ili atafute ufunguo.

Jamani, taa ya ndani. Usiku, hema la turubai likiwashwa taa ndani huonyesha kila kitu kwa walio nje. Kivuli cha mke wangu kikitambaa huku na huku kikipekua mito. Kivuli cha kichwa changu kikimwelekeza. Na chini ya kichwa, bila kivuli chochote, mimi mwenyewe kuanzia kifuani kwenda chini, nikipiga mateke. Tochi za kichwani zikaanza kuwaka moja moja kutoka mahema ya jirani, zote zikatazama upande wangu. Alamu ikapumzika sekunde chache kama inavyofanya kabla ya kuanza upya, na katika ule ukimya sauti ya mtoto ikasikika vizuri kabisa:

"Mama, lile hema linazaa mtu!"

Hakuna aliyemsahihisha. Nilisubiri mzazi wake aseme neno, hata "nyamaza" tu. Kilichosikika ni mtu mzima akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Mlango wa kempa ukafunguka. Taa ya kidato ikawaka yenyewe, maana kempa ina hata hilo. Shemeji akashuka na ndara zake na joho la kulalia, hana haraka. Akalizunguka gari. Akamulika ngazi. Akamulika bawaba, akaziinamia, akaguna kama fundi anayefikiria bei. Mimi napiga kelele, "Shemeji, nishike, naanguka!" kwa sababu kwa hesabu zangu chini yangu kulikuwa na urefu wa mtu mzima. Nilikuwa nimekunja magoti mpaka tumboni kwa hofu ya shimo hilo.

Akamulika miguu yangu. Akamulika ardhi. Akarudisha tochi kwenye miguu.

"Shemeji," akasema, "nyoosha miguu."

Nikanyoosha. Kidole gumba kikagusa nyasi.

Kumbe sakafu ilivyoinama ilikuwa imeshanileta karibu kabisa na nyumbani. Muda wote ule nilikuwa naning'inia juu ya shubiri moja ya hewa. Ningekuwa na ujasiri wa kunyoosha goti, kambi ingelala.

Tatizo likabaki kamba. Nimegusa chini kwa vidole, lakini suruali bado imenasa juu, nimesimama kama mcheza baleti. Shemeji akatoa kisu akitaka kuikata. Nikamsihi afikirie kwanza: kamba ikikatwa, suruali inabaki na sababu gani ya kukaa pale? Tochi zote zile zinatazama. Akafikiri, akaona nina hoja. Ikabidi anizunguke kwa nyuma, anikumbatie kiunoni, aninyanyue hadi kamba ilegee, huku mke wangu akiinasua kutoka juu na kutuuliza sisi wawili tulikuwa tunafanya nini hasa.

Mengine hayana maneno mengi. Ufunguo ulipatikana kwenye jaketi nililokuwa nimelifanya mto. Tulimalizia usiku ndani ya kempa, kwenye meza ya kulia ambayo ikishushwa inageuka kitanda. Na ndiyo, choo chake nilikitumia, mara moja, nikiwa nimetazama ukuta. Ni cha kaseti, yaani kina tangi chini linalochomolewa na kwenda kumwagwa. Asubuhi nilikabidhiwa hilo tangi bila neno lolote, nikapita nalo katikati ya kambi, na yule mtoto akanipungia mkono.

Wanaouliza kama kwenye ile purukushani nilijilowesha: hapana. Woga una faida zake. Swali limefungwa.

Ngazi haina kovu hata moja, maana haikuvunjika. Ilifanya kile ambacho ngazi isiyofungwa hufanya. Nimeiwekea rangi nyekundu kwenye kila kifungo, kikikaa sawasawa wekundu hauonekani. Bawaba mbili zimepinda na ziko kwa fundi. Na kuna chupa yenye mdomo mpana ambayo sasa inakaa mfukoni mwa hema upande wangu. Mke wangu ndiye aliyeinunua na ndiye aliyeiandika jina langu kwa wino usiofutika.

Ila hoja zangu sizifuti. Kempa bado ni nzito. Bado inayumba kwenye kona, bado inakunywa mafuta. Nakubali kwamba yeye akitaka kuondoka asubuhi anawasha gari tu anaenda, wakati mimi lazima nikunje chumba cha kulala kwanza, na kwamba kwenye upepo mkali turubai langu linapiga makofi usiku kucha. Hayo nayajua na nayavumilia. Kwa mtu mwenye gari moja linalotakiwa kazini siku za wiki, kilo 60 juu ya keria bado zinanishinda kuzipinga. Mnaonitumia ujumbe kuuliza kama hema linauzwa kwa bei ya aibu, haliuzwi.

Na wewe shemeji, najua unasoma hapa ukijificha. Toleo lako nimelisikiliza lote, lile la sauti, dakika nzima na ushee. Mateke umeyaweka, mtoto umemweka, Trabant umeiweka, na mlio wa kraa umeuigiza vizuri kuliko ngazi yenyewe. Ile sehemu uliyonikumbatia kwa nyuma ukiwa na joho mbele ya kambi nzima, mbona umeiruka?