Mzee wa Geji

Facebook ilianza mwaka 2004, mwaka uleule aliozaliwa binti yangu mkubwa. Binti kaolewa, kaondoka. Nami nikasema, ngoja na mie niondoke huko.

Maana palishakuwa magofu. Wanakuruhusu marafiki 5,000, mie nilikuwa nao 1,900 na ushei, lakini nikiweka neno langu wanaoitikia ni watatu: mke wangu, ambaye tumekaa kochi moja, shemeji yangu wa Muheza, anayepiga moyo hata kwenye tanzia, na mganga mmoja, kila picha yuko chini yake, "Narudisha mpenzi, nasafisha nyota, njoo inbox." Nikiweka shehena ya saruji, mganga huyo. Mahafali ya mtoto, mganga huyo. Asubuhi moja nikahimizwa nimtakie heri ya kuzaliwa rafiki yangu ambaye tulikwishamzika. Nikafunga.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, hapa Tanga. Kijana wangu akaniambia, "Baba, wateja wote wako TikTok." Akanifungulia akaunti, akauliza, "Niunganishe na namba za kwenye simu?" Nikamwambia unganisha, mwanangu, kwani tuna nini cha kuficha?

Namba zangu 812. Humo wamo mafundi, madereva wa fuso, mwenyekiti wa mtaa, imamu, na mama mkwe.

Somo la kwanza nikachagua mabati, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapopigwa. Mteja anaona geji 30 lazima iwe nene kuliko geji 28, si 30 ni kubwa? Kumbe namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Basi anauziwa 30 kwa bei ya 28, na asante anasema. Nikavaa shati la Idi. Nikaegemeza simu kwenye mifuko ya saruji, kamera ya nyuma ikinitazama, nikavua miwani kwa sababu ilikuwa inamulika, nikapapasa pa kubonyeza, nikabonyeza. Nikafundisha! Nikagonga geji 28 kwa ukucha, nikagonga geji 30, hiyo ikalia kama mfuniko wa sufuria. Nikainua kidole: "Ndugu mteja, sikio halidanganywi."

Kuitazama nikaitazama mlangoni, juani, bila miwani. Nikaona sura imenawiri kwelikweli. Nikasema kamera za siku hizi, mashallah. Nikairusha, nikaenda kuswali adhuhuri.

Natoka msikitini, simu inatetemeka kama ina homa. Watu 14,000! Nikaanza na maoni ya juu. "Geji nimeielewa mzee, ila wanja unanunua wapi?" La pili: "Dada, hilo la mita tatu shilingi ngapi?"

Dada?

Nikavaa miwani.

Kumbe wakati ule napapasa, kidole kiligusa filta. Kope ndefu kama ufagio wa chelewa, mashavu yameiva, midomo myekundu kama nimeshinda natafuna tambuu. Na ubaya wake, kitu kile kinakufuata. Nikiinama kuokota bati, kope zinainama nami. Nikigeuka upande, midomo inachelewa kidogo, halafu inanifikia. Pale nilipoinua bati mbele ya uso, urembo wote ukakosa pa kukaa, ukamrukia kijana wa kupakia aliyekuwa anapita nyuma na toroli la kokoto. Naye akapendeza hatua tatu. Nikashusha bati, ukanirudia.

Nikafuta. Nafuta nini na watu wameshaidaka? Kufika magharibi imo kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na mama mkwe ametuma sauti, mpole kabisa: "Mwanangu, huyu ni mumeo au ana dada pacha mkatuficha?" Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini jikoni, mwiko mkononi, wali unaungua. Baada ya isha imamu alinishika mkono, akaushikilia kuliko siku zote. "Biashara inaendaje, sheikh?" Macho yake kwenye kope zangu.

Kesho yake, nisiwe mwizi wa fadhila, walikuja wateja. Fundi mmoja kachukua mabati 20 ya geji 28, kagonga moja moja kwa ukucha kama nilivyofundisha, kalipa taslimu. Halafu kasogeza uso karibu na wangu, akanikagua kama anakagua kutu. "Kumbe zinatoka," akasema, akaenda zake.

Usiku nikaona bora nirudi kwetu kwenye magofu, angalau kule hakuna anayeniona. Nafungua Facebook, cha kwanza kabisa ni mimi, na bati langu na midomo yangu. Kaiweka shemeji wa Muheza, kapiga na moyo. Chini yake wamefufuka marafiki ambao tangu 2013 hata salamu hawajanipa, wanacheka kwa majina yao kamili. Nikashuka, nikashuka, mpaka nikamkuta mganga. Safari hii habari za nyota hakuwa nazo.

"Mzee, geji 28 mita tatu unauzaje? Naezeka kilinge."