Nyangumi waliopita bila kuhesabiwa

Kila panapozuka mjadala kuhusu nafasi ya wenyeji wa Aktiki katika utafiti, haupiti muda kabla mtu hajautaja mji wa Barrow huko Alaska, ambao siku hizi unaitwa Utqiaġvik. Kisa husimuliwa hivi: wanasayansi walisema nyangumi wanakwisha, wawindaji wa Kiinupiat wakasema wapo tele, na mwishowe wazee wakashinda. Kinasisimua, ila kinawapunja wawindaji wenyewe, kwa kuwafanya waonekane watu waliotaka kuaminiwa kwa ajili ya mvi zao. Walichokisema kilikuwa kitu kinachopimika, na kilipimwa.

Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilifuta ruhusa ya wenyeji kumwinda aġviq, yule nyangumi mnene ambaye kichwa pekee ni kama theluthi ya mwili. Haikukurupuka. Meli za kibiashara, zilizoanza kupenya mlango wa Bering mwaka 1848, zilikuwa zimemfyeka vibaya, na makadirio ya wakati huo yalitaja nyangumi 600 hadi 2,000 tu. Msimu wenyewe wa 1977 nao ulikuwa wa aibu: walipigwa zaidi ya 100, waliovutwa hadi kwenye barafu hawakufika 30. Wengine walizama au walikimbia na majeraha. Ukikabidhiwa ulinzi wa mnyama anayezaa mara moja kwa miaka mitatu au minne, na takwimu kama hizo ziko mezani, ni vigumu kusema kwamba kusitisha uwindaji ni ukatili.

Kasoro ilikuwa kwenye hesabu. Majira ya kuchipua, barafu ya bahari hupasuka sambamba na pwani, ukafunguka mkondo wa maji ambamo nyangumi hupita wakienda mashariki. Wahesabuji walipanda kichuguu cha barafu ukingoni, darubini mkononi, wakahesabu migongo. Mkondo ukijifunga, hakuna cha kuandika. Ukungu ukishuka, hali ni ileile. Ndani ya utaratibu huo mlikuwa na dhana moja ambayo haikuwa imethibitishwa: asiyeonekana hajapita.

Wawindaji, mmoja wao nahodha Harry Brower, waliishambulia dhana hiyo kwa hoja mbili. Kwanza, aġviq haogopi barafu. Hupita chini yake na kuipasua kwa kichwa ili apumue. Pili, msafara hautoshi katika mkondo wa karibu peke yake, bali hutanda kilomita nyingi kuelekea baharini, nje ya upeo wa darubini. Hayo ni madai ambayo mtu yeyote mwenye vifaa anaweza kuyakanusha.

Vifaa vilinunuliwa na serikali ya wilaya ya North Slope, iliyoundwa mwaka 1972 na kutajirika kwa kodi ya mafuta ya Prudhoe Bay. Hapo ndipo wakosoaji waliposema kesi ya nyani amepewa ngedere, maana wilaya ni ya wawindaji. Hofu hiyo si ya kubezwa. Lakini mbinu na data vilipelekwa mbele ya kamati ya kisayansi ya Tume ileile iliyopiga marufuku, na huko hapakuwa na mtu mwenye sababu ya kuwahurumia.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Katika miaka ya 1980 maikrofoni za majini zilishushwa kando ya ukingo wa barafu, zikiachana. Mlio mmoja wa nyangumi huifikia kila maikrofoni kwa tofauti ndogo ya muda, na tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha alipo. Juu ya kichuguu, teodolaiti hupima pembe ya mgongo unaoibuka. Kisha waliosikika hulinganishwa na walioonekana, mmoja asije akahesabiwa mara mbili. Balaa hazikosekani: ukingo humeguka ukaondoka na mitambo, barafu ikisagana hufunika milio, na nyangumi aliyenyamaza hana wa kumwandika. Hata hivyo mkondo ulipojifunga na wahesabuji wakakosa cha kutazama, milio iliendelea kupita. Mwaka 1985 watafiti waliwashuhudia nyangumi wakipasua barafu ya unene wa sentimita 14 hadi 18.

Sasa namba. Watetezi wa wenyeji hupenda kuweka 2,000 ya zamani kando ya 16,900 iliyopatikana mwaka 2011. Ulinganisho huo ni wa hila, hata kama haukukusudiwa, kwa sababu kati ya hizo mbili kuna miaka zaidi ya thelathini ya kuzaliana, kwa kasi ya karibu asilimia 3.7 kwa mwaka. Namba inayofaa ni ya mwaka uleule wa ubishi. Hesabu zilipochakatwa upya, 1978 ikapewa nyangumi 4,765. Ina shaka kubwa pembeni yake. Basi ikate theluthi nzima. Bado wanabaki zaidi ya 3,000, wengi kupita kilele cha makadirio ya awali. Usipoikata, wale wa 600 walikuwa wamewakosa nyangumi saba katika kila wanane. Na kwa makadirio hayo ya awali, marufuku ilipogeuzwa kuwa mgao, vijiji tisa vya wawindaji viligawana mgao wa nyangumi 12 wa kuvutwa nchi kavu mwaka huo wa 1978. Kijiji kikikosa, kimekosa nyama ya mwaka.

Tume nayo ina haki yake. Bila shinikizo lake, sidhani kama chama cha wawindaji kilichoundwa 1977 kingesimamia silaha na mafunzo kwa ukali ule, hadi upotevu ukashuka kutoka karibu nusu ya waliopigwa au zaidi hadi karibu robo.

Mwaka 2019 wahesabuji wa kichuguuni walipata kama 12,500, ilhali hesabu iliyofanywa kutoka angani, kwa ndege, mwaka huohuo ilitoa 17,175. Sababu mojawapo iliyoandikwa ni kwamba mashua za injini zilikuwa zikikatiza mbele ya kichuguu, nyangumi wakakwepa mbali. Mashua hizo ni za wawindaji, na walioandika hivyo ni watafiti wa wilaya yao wenyewe.